Maelezo Kuhusu Dawa za Mwanakheri Zilizochukuliwa Kambini Bwejuu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mjini Unguja
Tarehe 10 Mei 2006, saa 3:40 asubuhi

Jina: Mize Khatib Mkubwa
Umri: Miaka 44
Kazi: Mshonaji, mwenye duka la cherahani saba
Makaazi: Mlandege

Mimi ni mama mzazi wa Mwanakheri Saud, miaka 19, mkimbiaji wa mita 1500 wa klabu ya Mkinda. Ana pumu tangu ana miaka sita. Dawa yake ni ya kuvuta. Kichupa kimoja mivuto 200, humtosha siku 50. Dawa hiyo imekatazwa michezoni mpaka mchezaji apate ruhusa ya matibabu, na fomu yake hupelekwa siku 30 kabla ya mashindano.

Mnamo tarehe 3 Aprili nilimkabidhi fomu katibu wa klabu, Bwana Usi. Mashindano ni tarehe 14 Mei. Hizo ni siku 41, sikuchelewa mimi. Penye ugonjwa niliandika kwa mkono wangu "kifua". Daktari alitia saini chini yake. Kwetu msichana aliyeposwa hasemwi ana pumu. Husemwa ana kifua, na kila mtu hufahamu.

Tarehe 27 Aprili Bwana Usi alikuja dukani na fomu iliyorudishwa, anacheka. "Bi Mize, wakubwa wa ruhusa wanauliza, kuna mkimbiaji asiye na kifua?"

Nikamwambia, "Futa, andika pumu." Akasema ni fomu mpya, siku 30 nyengine. Zilibaki 17. Nikataka kumtoa mwanangu. Mwenyewe akasema, "Usiniaibishe, Mama. Mwalimu Jecha anaijua hali yangu." Huyo ndiye anayewafundisha mbio. Tarehe 8 Mei nikamwacha aende kambini Bwejuu na vichupa viwili.

Leo saa 2:05 asubuhi alinipigia kwa simu ya mwenziwe. "Mama, Mwalimu kachukua dawa zangu zote. Kasema nikipimwa timu itafungiwa." Maneno kumi. Alisita mara nne kuvuta pumzi. Siku zote maneno kumi kwake ni pumzi moja.

Saa 2:20 nilimpata Mwalimu Jecha kwa simu. Akasema, "Mwanao anadeka tu, Bi Mize. Wenziwe washakimbia raundi tatu, yeye kajiinamia ukutani." Nikamwambia amrudishie dawa, mashindano basi, hatuyataki. Akasema, "Jioni tutazungumza." Toka saa 2:30 mpaka 3:15 nimepiga mara tisa. Haipokewi.

Sikuja kumfunga mtu. Nnataka mupige simu huko, au munipe askari tufuatane. Gari nshakodi. Ni mwendo wa saa moja na robo, na hapa nishakaa dakika 35 nnaandikwa.

Niliyonayo ni hayo, na ni kweli tupu.

Saini: Mize K. Mkubwa

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali, ametia saini saa 4:20. Saa 4:05, akiwa bado anaeleza, iliingia simu kutoka kusini, upande wa Bwejuu, ikiulizia jamaa wa msichana wa kambini aliyefikishwa zahanati hajitambui. Mkuu wa zamu aliagiza maelezo yamalizike kwanza. Shahidi hajaambiwa.

Koplo Duni