Nimemwimbia Mjomba Aondoke, Naye Amemwita Mkewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana hapa ninapoandika cherehani iko upande wangu mmoja na jiko upande wa pili. Mimi ni fundi wa kushona, na chumba changu cha kazi kimekaliwa na mjomba wa mume wangu, aliyekuja kung'oa jino akasema atakaa siku nne, na jino limeng'oka na pengo limepona na huu ni mwezi wa tano, na mimi nashonea jikoni, na juzi mteja alinusa gauni lake la harusi akaniuliza kama nimelikaanga na vitunguu. Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu, nina sare arobaini, na mwalimu mkuu ameshasema zikinuka hataniletea kazi tena.

Kumwambia mzee aondoke siwezi, mimi ni mkwe. Ndipo nikakumbuka wimbo wa bibi yangu, ambao wanawake wa kwao waliuimba mgeni akizidisha, mbio mbio, huku wakigonga masufuria: "Kaa, mgeni, kaa, kaa kiti kiote mizizi," kisha unakuja ubeti wa pili, ndio wenyewe: "Viatu vyako tumevifuta, vinakutazama mlangoni." Bibi alisema mgeni akisikia sufuria ya kwanza tu anatafuta mfuko wake.

Majirani wakaniambia kuna kijana ameurekodi upya, nikajua dua yangu imejibiwa, na Jumapili baada ya chakula nikaufungulia sauti ya juu bila kuusikiliza kwanza. Kumbe kijana ameutia gitaa, ameupunguza mwendo kama anabembeleza mtoto, viatu amevitupa, mizizi ameitupa, imebaki "kaa, mgeni, kaa" mara nane. Mjomba akalia. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia hivi." Jioni akampigia mkewe simu: "Funga mizigo uje, huku tumeimbiwa." Anafika Jumamosi. Mume wangu anasema wimbo ni mtamu, niuache. Je, nimwimbie ubeti wa pili?

Fundi wa Jikoni

Fundi, pole, ingawa umenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Binti yangu aliingia ukumbini kwenye harusi yake kwa wimbo huo huo wa gitaa, na mimi nikiwa mbele nacheza. Sasa picha zile nitazitazamaje?

Nisikilize. Wimbo wa bibi yako ulifanya kazi kwa sababu kila mtu aliujua mpaka mwisho, mgeni akiwa wa kwanza. Aliambiwa ukweli bila kuvunjiwa heshima. Kijana wa gitaa ameukata kichwa na miguu, na sikatai, ana sauti nzuri. Mjomba naye ameelewa kile alichoimbiwa. Kosa ni lako, uliyeutuma wimbo kazi ya mdomo, na la mumeo anayejifanya hajui kinachoendelea.

Ubeti wa pili usimwimbie. Mzee ameshalia mbele yako, ukimwimbia viatu leo utakuwa unamdhihaki. Mjomba ni wa mumeo, basi mumeo amkalishe leo, amwambie kwa maneno ya kawaida: "Mjomba, chumba hiki ndicho kinachotulisha, mke wangu anakihitaji, tutakusindikiza Ijumaa." Mumeo akianza kujikanyaga, mletee mjomba sare moja ainuse. Cherehani irudi chumbani jioni hiyo hiyo, na mjomba mwenyewe ashike upande mmoja.

Usingoje Jumamosi. Mke wa mjomba akishaingia na masanduku yake, nyumba hiyo itakuwa na wenyewe wawili, na wewe hutakuwa mmoja wao.