Khalfan Hakuwa Mvivu, Baba

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile usichotaka mtu akikalie. Tangu ufe watu wananambia nikuandikie, eti nitapata nafuu. Haya, naandika. Lakini usitaraji maneno mazuri. Nna hasira na weye.

Unaikumbuka asubuhi ile uliyomsomea Khalfan gazeti? Mwanao alikuwa na mwaka mzima tangu kampuni imwachishe kazi. Kakaa mbele yako anakunywa chai, nawe unasoma kwa sauti kama hakimu: wasio na kazi wamepungua.

"Baba," akakwambia, "ule ukumbi tunaoombea posho ya walioachishwa hauna hata pa kusimama. Tumepungua vipi?"

Ukalikunja gazeti. "Mie nimefanya kazi ya takwimu umri wangu wote. Wavivu ndo wanaosema uongo."

Aliinuka, mkate wake hakuugusa.

Ungeishia hapo ningekusamehe. Lakini wazazi wa Zuwena walikuja kutoka kwao Ansab kuuliza mchumba wa binti yao ana hali gani, ukawajibu mbele ya Mama: "Kazi zipo. Yeye ndo hazitaki." Baba mzazi! Wakamaliza kahawa yao, wakaaga kwa adabu, na uchumba ukaishia pale. Zuwena kaolewa mwezi uliopita. Na hilo ulijue.

Ulipokufa simu yako nilichukua mimi. Nilikuwa natafuta picha zako, wallahi, nilikuwa nalia. Nikakuta ujumbe: "Ndugu Khalfan, leseni yako ya biashara inakaribia kwisha."

Biashara gani? Khalfan hajapata kuuza hata ndimu.

Halafu nikalikumbuka duka lako la matunda kwenye soko la Mawaleh. Ulikuwa mtumishi wa serikali, hukutaka jina lako lionekane, ukamtaka Khalfan atie saini alipomaliza skuli, ukamwambia ni karatasi tu. Soko likahamishwa, duka likafungwa, leseni ukaiwacha hai. Na baada ya Khalfan kuachishwa kazi, Baba, uliihuisha tena. Ujumbe wa kuthibitisha umo humo humo kwenye simu.

Nikaenda naye afisi ya kazi. Yule mwanamke wa dirishani alitafuta jina lake mara mbili.

"Kwenye orodha ya walioachishwa kazi yumo," akasema. "Kwenye ya wasio na kazi hayumo. Huku ameandikwa ana biashara. Ndo maana ombi lake la posho linarudi kila mara."

"Mtu kaachishwa kazi, hana kazi, vipi asihesabiwe hana kazi?"

"Dada, si yeye peke yake. Kila siku wanakuja walioandikwa hivi hivi." Akatuonesha kwa macho ukumbi nyuma yetu, wanaume na wanawake wameshika karatasi zao, wengine wamekaa chini.

Basi hao ndio waliopungua kwenye gazeti lako. Khalfan angeweza kuitwa mjinga kwa kutia saini. Weye je? Umri wako wote ulikuwa ukijua nani anahesabiwa na nani hahesabiwi. Ulijua, ukanyamaza, kwa sababu kuifuta ile leseni, au kuiwacha ife, kungekupeleka dirishani kueleza duka lilikuwa la nani. Ukaona afadhali mwanao aitwe mvivu.

Nilimwambia ndani ya gari kuwa weye ndo uliyeihuisha. Akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Alijua, Rahma?"

"Alijua."

Akainua kichwa, akawasha gari. Halafu akasema, "Mwache Baba apumzike." Hivyo tu. Huyo ndiye uliyemdharau.

Tumeifuta leseni. Wiki iliyopita jina lake limeingia kwenye orodha, na posho wamemkubalia. Mama alishukuru Mungu kana kwamba mwanawe kapata kazi. Khalfan hakufurahi. Aliuliza tu kama watu wa Ansab wamepata kusikia.

Hawajasikia. Lakini watasikia, hiyo ndiyo ahadi yangu. Siku ya Idi ami zangu wote watakuja hapa, na kabla hawajaanza kukusifu nitawaeleza leseni ilikuwa ya nani. Halafu nitakwenda Ansab mwenyewe. Zuwena harudi, najua. Wazazi wake walikusikia weye, sasa watanisikia mimi.

Kwa heri, Baba. Khalfan kila akisali anakuombea rehema, nami nimekaa nyuma yake. Anapofika kwenye jina lako, bado siitikii amin.

Mwanao,
Rahma