Almasi Niliyoikausha

Dutwa, Jumatano, msimu wa kuuza pamba

Kumbe kuna unyevu usiotakiwa kukaushwa! Mimi ningejuaje?

Jana Kabula, mjukuu wangu wa chuo kikuu, alinionyesha kipande cha almasi ya maabara, chembamba kama ukucha. Akasema almasi haipitishi umeme, ila hii imevishwa haidrojeni, na unyevu wa hewani ukinata juu yake unaipokonya elektroni, ndipo umeme unapita juu juu. Mimi nikashika neno moja tu, unyevu. Hawa wanunuzi wapya wa binafsi wakitia mkono kwenye gunia wakakuta pamba ina unyevu, wanaondoka. Basi asubuhi, nikidhani namsaidia, nikaiweka almasi kwenye kigae, juu ya makaa yanayozimika.

Kabula akaipima. Mshale wa kipimo cha umeme haukutikisika.

"Bibi, umeniua! Keshokutwa namkabidhi mwalimu!"

"Usife kwanza, hujaniletea hata mkwe. Nitakwenda kumwambia mwenyewe kwamba ni mimi."

Mtoto kahangaika nayo miezi, halafu mimi kwa kiherehere changu...

Akaiacha dirishani ipigwe na hewa. Mchana sikula. Jioni akapima tena, mshale ukapanda! Akasema moto ulifukuza zile chembe za unyevu, na hewa imezirudisha. Akanikumbatia, nami nikamfinya shavu kwa kunitisha.

Sasa amelala, kisanduku cha almasi kiko upande wa ukutani, mbali na mikono yangu. Ana haki.