Mtu na Jirani

Ruiru,
Jumatatu mchana.

Kwako ndugu yangu Sifuna,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na kelele za Ruiru. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa na nguvu, na mama watoto naye awe amepona ule mgongo aliokuwa akiulalamikia Krismasi. Sisi tuko. Beth bado anauza nguo zake karibu na steji, magoti yangu yananisumbua kukiwa na baridi, lakini chakula kinashuka, kwa hivyo siwezi kulalamika mbele ya Mungu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Nimejaribu. Mara tatu nimerekodi ujumbe wa sauti kwa WhatsApp nikaufuta, kwa sababu nikianza tu kuongea nawe naingia kwa mzaha, na jambo hili si la mzaha. Dada yako Nelima anasafiri Kimilili Alhamisi, ndiye nitampa bahasha. Soma mpaka mwisho hata ukikasirika njiani. Naogopa kwamba ukimaliza hutaniita rafiki tena, lakini afadhali unijue.

Juzi nilipita Kiandutu kule Thika, nyuma ya kile kisiagi cha unga tulikokuwa tukifanyia mazoezi ya vichekesho vyetu. Siku hizi kuna kinyozi. Nilisimama pale kama mjinga nikakuona kabisa, umevaa lile koti la soja wa geti lililokufika magotini, ukinifundisha kusema "Pwana asifiwe" kwa lafudhi ya Kiluhya mpaka nikakosa pumzi kwa kucheka. Tulikuwa na mandazi mawili na chai ya kikombe kimoja, na wewe ulikuwa unakunywa nusu yako ya juu ndio uniachie sukari iliyokaa chini. Leo watu wanatazama vichekesho kwa simu kutwa kucha, na hakuna hata mmoja amewahi kunichekesha vile ulivyonichekesha ukijifanya landlodi wa Kikuyu. Nimekumiss, bana. Wacha niseme tu.

Unakumbuka ile sheria yako? Tusi la Mluhya liandikwe na Mluhya, tusi la Mkikuyu liandikwe na Mkikuyu, halafu tubadilishane daftari. Ulisema kitu ukimpa mwenzako kwa mkono wako mwenyewe, akikurudishia hakiumi. Kwa hivyo wewe ndiwe uliyeniandikia yote niliyosema kuhusu watu wako, kuku, ugali na kazi ya kulinda geti. Hata ukaniambia nikuite nduriri, vile sisi Wakikuyu huwaita watu wa makabila mengine tukidhani hawasikii. Nami nikakuandikia okuyu, neno ambalo wengine hutuita kwa dharau, na ambalo sisi wenyewe tukiwa nyumbani hujiita na kucheka. Mbali na sisi wawili, hakuna aliyeijua hiyo sheria.

Kilichonifukulia haya yote ni kanisa letu la Thika. Limetimiza miaka hamsini, na Waruguru, sekretari wa sasa, alinipigia akaomba ile Mtu na Jirani ya zamani, kichekesho chetu cha watu wawili. Alisema wazee bado wanaikumbuka. Nafasi yako akampa Muli, mwalimu wa Sande skuli, Mkamba mpole sana. Tukapeleka maneno yetu kwa wazee, ambao karibu wote ni Wakikuyu, yakaguliwe. Yangu yalirudi yote, nduriri na kuku na geti. Ya Muli yalirudi yamepigwa kalamu kila mahali alipomgusa Mkikuyu. Akaniuliza taratibu, kama yake ni matusi na yangu ni utani, ni nani aliyepima. Nilimwambia wazee ni wazee. Akasema basi niendelee peke yangu, akakunja karatasi yake akaenda zake. Hakuwa hata na hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

Maana nilikuwa nimeyaona haya mwaka wa 2006, tulipoigiza siku ya harambee ya paa la kanisa. Nilikuita nduriri mara nne na kanisa zima likapiga makofi. Wewe ukasema okuyu mara moja tu, na watu wakanyamaza hadi watoto. Jumapili iliyofuata ukasimamishwa mbele uombe msamaha. Njau, aliyekuwa mwenyekiti wa wazee na tena landlodi wako, akakupa notisi kabla mwezi haujaisha. Nilikusaidia kusukuma mkokoteni wenye godoro lako, na ukanishukuru. Hukumwambia mtu kwamba neno lile lilitoka kwa daftari langu. Ulisema hakuna haja tuungue wawili.

Basi jana, siku ya sherehe yenyewe, nilisimama mbele ya kanisa peke yangu. Nikawaambia kwamba lile neno lililomfukuza Sifuna niliandika mimi, na kwamba siku hiyo hiyo mimi nilimtukana zaidi na wakanipa soda. Wakacheka. Nikarudia polepole, wakacheka zaidi, wakidhani mchezo ndio umeanza. Mzee Njau, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alicheka mpaka akatoa leso akapangusa macho. Nikaenda kukaa, na nyuma yangu wakanipigia makofi ya kilo.

Lakini hata wangeniamini, Sifuna, sikuwa nimesema yote. Miaka hii yote umeamini kwamba wazee hawakuniuliza kitu. Nilikwambia hivyo mimi mwenyewe, tukisukuma mkokoteni. Nilikudanganya. Waliniita kabla yako, siku ya Ijumaa, nyumbani kwa Njau kule Ngoingwa. Chai ilikuwa mezani, na mkate umepakwa siagi. Wakaniuliza waziwazi kama neno lile tulilipanga pamoja. Nikasema nilishangaa kama wao. Nikasema ulilitoa kichwani mwako, na kwamba watu wako wakati mwingine hawajui mipaka. Watu wako. Hayo hukuniandikia wewe. Hayo yalikuwa yangu.

Siwezi kusema nilikuwa mtoto, nilikuwa na miaka thelathini. Niliogopa kupoteza chumba changu, maana nami nilikuwa mpangaji wa Njau, na nafasi yangu ya kuimba Jumapili, basi, hakuna kubwa kuliko hiyo. Na mwaka uliofuata ukapata kijana, ukampa jina langu, ukasema ni kwa sababu nilisimama nawe wakati kila mtu alikaa. Sikusimama. Ukitaka kumwambia, mwambie yote, usinipunguzie. Ukinyamaza pia nitajua umeisoma, na sitauliza.

Beth anakusalimu sana. Naye hajui ninachokuandikia, nitamwambia leo akirudi. Mpe mama watoto pole ya mgongo, na majirani wa huko wanaonikumbuka wape mkono wangu. Na msalimie Gachau, kama bado ndilo jina lake.

Ni mimi,
Zacharia Gachau