Maji ya Mrututu

Kamachumu. Jumatatu, 4 Februari 1952

Nimepulizia mibuni ya juu mrututu, ile dawa ya kuvu. Nimesuuza bomba la kupulizia, maji yake nimemwagilia kitalu cha miche ya kahawa, kama kawaida. Chemchemi iko bondeni na mlima unavunja mgongo. Maji hayamwagwi ovyo. Mume wangu Laurenti tulimzika kabla ya Noeli. Bado silii. Watu wananitazama wakisubiri.

Jumatano, 13 Februari

Miche imeanza kuwa ya manjano. Binti yangu Paskazia anasema ni kiu. Tumeongeza maji ya kusuuzia bomba.

Ukoo ulikaa jana. Sina mtoto wa kiume. Wameamua nitabaki kwenye kibanja, shamba letu hili na nyumba yake, iwapo nitapanda kahawa kipande cha chini mvua zikianza. Nisipopanda, kibanja kinakwenda kwa shemeji Deo. Niliitikia. Nilikuwa nawaza kwamba chumvi imekwisha.

Jumamosi, 23 Februari

Miche haikui. Majani mapya ni madogo kama kucha. Nimeng'oa mche mmoja. Mizizi mifupi, ya kahawia, minene nchani. Nimeogopa. Afadhali, angalau nimehisi kitu.

Jumanne, 4 Machi

Bwana shamba amepita. Amefukua kwa kidole, akauliza namwagilia nini. Nikamwambia. Akapangusa kidole, akasema:

"Mama, mrututu una shaba. Shaba haitoki kwenye udongo. Hata ukiotesha upya hapa, itakuwa hivi hivi."

Miche ya serikali imeshagawiwa yote, sina pengine pa kupata. Na yangu nimeiua mwenyewe, debe kwa debe. Mbegu zile Laurenti alizisia akiwa tayari anakohoa. Nimeichukia mikono yangu. Kisha nikamenya ndizi, maana ilikuwa saa ya kumenya ndizi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa. Majirani wote wanapanda. Paskazia analia. Namwacha alie kwa ajili yetu wawili.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa shemeji Deo amekuja kutazama kibanja chake. Si mtu mbaya. Amesema "pole, shemeji" mara mbili, akatuachia nyumba hadi Pasaka. Tutakwenda kwa dada yangu, huko Kashai.

Amezunguka kote. Kwenye kitalu kitupu akasimama, akasifu kivuli, akasema miche yake ataiotesha hapo hapo kitaluni. Paskazia alinigeukia. Nilinyamaza. Nikaingia ndani, nikamletea Deo kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni wa heshima, akapokea kwa mikono miwili na kushukuru.