Simba Wenye Mbawa Mlangoni

Dada Kreste,

Hujambo? Huku Ostia mizabibu imezaa, na mguu wangu umepona. Kaburi la ukoo limekamilika: vishubaka kumi na viwili vya majivu ya wafu wetu, na vinane bado vitupu. Mlangoni fundi Dama amechonga simba wawili wenye mbawa na midomo ya tai.

"Hawa hufukuza wezi, tajiri," akasema.

"Na dada je?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dada hufukuzwa kwa maandishi!"

Basi akachonga chini ya makucha: kaburi hili ni la jamaa wote, isipokuwa Kreste na wanawe. Ulijinunulia uhuru, ukaniacha utumwani miaka tisa; nilijikomboa mwenyewe.

Chungu cha majivu ya mwanao, ulichoomba nikizike humo, anarudi nacho mjumbe wako. Nimekifunga vizuri, kisimwagike njiani.

Nduguyo,
Trofimo