Jina Nililolisoma Mbele ya Mwethya

Glasgow, 14 Februari 1999

Kaka Kitheka,

Hujambo, na shemeji, na Ndanu wenu? Mimi sijambo, ni baridi tu inayonitafuna masikio. Najua miaka minane ya kimya si kidogo.

Hapa maabara tunachunguza milango midogo mno iliyo kwenye ngozi ya chembe za msuli. Potasiamu hupitia hapo, na bila mpangilio huo msuli hausikii amri. Jamii hii ya milango wachache wameishughulikia. Tunaipandikiza kwenye mayai ya chura na kupima umeme wake. Juzi nikasoma kuhusu watu ambao milango yao ina hitilafu: wakifanya kazi nzito, wakala wanga mwingi, wakalala, asubuhi potasiamu ya damu imeshuka na miguu haiitiki. Baada ya saa kadhaa wanainuka wazima.

Nililia, kaka. Siku kikundi cha mwethya kilipokuja kulima kwetu ulichimba matuta kutwa, ukala sahani mbili za isyo, mahindi na maharagwe. Kesho yake, zamu ya kulima kwa kina Mwangangi, hukuonekana. Mimi karani nikasimama nikasoma jina lako: anakula kwao, anajificha kwa wenzake. Kikundi kikakufukuza. Sikujua. Nisamehe.

Naomba pia damu yako kidogo, tuichunguze.

Dada yako mdogo,
Mbinya

Mumbuni, 20 Machi 1999

Mbinya,

Salamu tumezipata. Sisi tuko, mvua ndiyo bado. Damu nitatoa, kwa sababu Ndanu naye ameamka mara mbili bila miguu, na shuleni wameanza kumwita mvivu.

Lakini usiniambie hukujua. Asubuhi ile uliniletea uji. Ulininyanyua mguu, ukauachilia, nao ukaanguka kama gogo. Nikakwambia, "Mbinya, nisaidie, miguu haiko." Ukatoka, ukafunga mlango, ukaenda kusoma jina langu. Mama alipokufa kikundi hakikuja. Kaburi lake nililichimba na vibarua wawili.

Kaka yako,
Kitheka

Mumbuni, 6 Juni 1999

Mbinya,

Chupa zimefika, daktari ametutoa damu, mimi na Ndanu. Maelekezo yako ya kurasa tatu tumeyafuata. Kuhusu asubuhi ile hukuandika hata mstari mmoja.

Kitheka

Glasgow, 29 Agosti 1999

Kwa Mwenyekiti na wanakikundi wa mwethya, Mumbuni,

Natumaini mu wazima na mahindi hayakuwaangusha. Naomba barua hii isomwe kwa sauti, Kitheka akiwepo.

Mwaka wa 1991 niliwaambia kaka yangu anajificha. Nilisema uongo. Nilikuwa nimeushika mguu wake, nikaona hausogei. Wakati huo nilikuwa nimeposwa, nikaogopa mtasema nyumba yetu imerogwa. Nikaona heri aitwe mvivu.

Ugonjwa wake ni wa misuli, amezaliwa nao, na bintiye pia. Siku Ndanu asipoweza kuinuka, tafadhali mpelekeni hospitali.

Naona aibu hata kuandika haya, na uso wa kusimama mbele yenu sina. Kaka, kama uko hapo unasikia: nilijua.

Dada yako,
Mbinya